Mzee Severini na Neno Dozi

Pale Bigwa, ukiuliza nyumba ya Mzee Severini Mloka, watakuuliza kwanza: yule mwenye sauti? Maana akimwita mkewe kutoka shambani, watu wa ng'ambo ya korongo wanageuka. Yeye mwenyewe anasema sauti hiyo ni ya kazi. Miaka thelathini na tatu alikuwa mwandishi wa habari za siasa katika gazeti moja la Dar es Salaam, na mwandishi wa siasa asiye na sauti swali lake haliulizwi, linabaki mfukoni.

Alianza kazi zile siku za chama kimoja, kijana mwembamba kutoka milimani, shati moja la kuvaa na moja la kufua. Vyama vingi vilipokuja akawa mtu wa njiani. Alizunguka nchi nyuma ya wagombea, akala vumbi la mikoa yote, akalala kwenye gesti ambazo taa ya chumbani inazimwa na mwenye gesti. Bungeni Dodoma alijua mlango upi waziri anatokea akitaka kukwepa watu, akawa anamsubiri mlango huohuo. Chama hakuwa nacho. Waliomshuku kuwa wa huku walikuwa sawa kwa idadi na waliomshuku kuwa wa kule, na hilo lilimfanya alale vizuri.

Kuna jina la utani wenzake walimpa kazini, walimwita Masahihisho. Lilitokana na diwani mmoja wa huko mbali. Diwani yule alisema hakukubali kisima kihamishwe, Severini akaandika alikubali. Silabi mbili tu zimebadilika kwenye haraka ya kuandika, lakini zilitosha. Watu wa kijiji cha diwani walimzomea sokoni, na watoto wake wakaimbwa shuleni. Severini alipogundua, alimwendea mhariri. Mhariri akasema sawa, tutaweka sahihisho, ukurasa wa kumi na nne, chini ya matangazo ya vifo. Severini akakataa. Alisema tumemchafua ukurasa wa kwanza, tumsafishe hukohuko, kwa herufi zilezile. Walivutana siku mbili, mwisho mhariri akachoka. Toka hapo, mtu akikosea jambo lolote ofisini, hata akimwaga chai, wanamwambia Severini aitishe ukurasa wa kwanza.

Presha aliambiwa anayo akiwa na miaka arobaini na kitu. Alipewa vidonge, akavimeza anapovikumbuka. Kampeni za mwaka 2015, akiwa uwanjani anaandika maneno ya mgombea, kalamu ikamshinda. Daftari lile analo mpaka leo. Mstari wa mwisho umeanza sawasawa, halafu unateremka, unateremka, kama njia ya kwenda mtoni, unaishia ukingoni mwa karatasi. Alizinduka hospitali. Mguu wa kulia haukurudi wote, mpaka leo anauvuta kidogo. Akaacha kazi, akarudi kwa mkewe Semeni pale Bigwa, akawa analima mchicha na kusoma magazeti ya watu.

Kusimama mbele za watu hakukupanga. Walikuwa kwenye msiba Mwembesongo, rafiki yake ameanguka bafuni, presha. Wakampa Severini nafasi aseme machache kuhusu marehemu. Alisema machache kweli kuhusu marehemu, halafu akasema mengi kuhusu presha, jinsi inavyokaa ndani ya mtu bila kupiga hodi, jinsi yeye mwenyewe alivyoidharau. Baada ya mazishi wanaume wanane walimfuata, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akijifanya ana jambo jingine la kuuliza. Ndipo ikaanza. Vikundi vya akina mama vikamwita, msikiti ukamwita, parokia ikamwita. Akaja muuguzi mmoja, Hosiana, msichana wa Kipare mwenye mashine yake ya kupima ndani ya mkoba wa shule. Hosiana akamwambia: Babu, wewe ongea, mimi nipime. Wakawa wanazunguka hivyo.

Tatizo lilikuwa moja dogo. Maisha yake yote Severini alikuwa amesikiliza watu wa siasa wakihutubia, hakuwahi kusikiliza wengine. Kwa hiyo alipopewa kipaza sauti alisimama kama wao. Mkono mmoja kipaza sauti, mwingine juu. Akimaliza jambo ananyamaza kidogo, kama anangoja makofi. Walipopanda milimani Mgeta mara ya kwanza, siku ya gulio la Nyandira, watu walijua moja kwa moja kwamba huyu anagombea. Muuza mitumba mmoja, Kibwana, alimuuliza anagombea nini. Severini akasema hagombei chochote, hana hata chama. Kibwana akawageukia wenzake: ndiyo maana hana fulana za kugawa.

Lakini walisikiliza. Watu arobaini na moja walipimwa siku ile, na kumi na wawili wakapewa vidonge vya mwezi mmoja. Ukungu ulikuwa unashuka, mafuso yanapakia kabichi na kupiga honi, na Severini alitaka kufunga kabla mvua haijafika. Akasema neno la mwisho akashuka kwenye kreti alilosimamia. Wakaondoka wamefurahi.

Miezi miwili ikapita. Siku moja simu ya Hosiana ikaita, akaja nayo Bigwa hajavua hata sare. Aliyepiga ni kijana anaitwa Hafidhi, wa Nyandira. Mama mkwe wake, Chausiku, alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Ameanguka shambani wiki tatu zilizopita. Kiharusi. Mkono wa kushoto umelala na mdomo umekwenda upande. Hospitali wamempa vidonge arudi navyo nyumbani, na vidonge hataki.

Severini akauliza hataki kwa nini.

Hosiana hakutaka kusema. Alizungukazunguka, mwisho akasema. Yule mama anasema dozi alimaliza. Alimeza vidonge vyote thelathini kama alivyoambiwa, akajisikia mzima, akatupa karatasi zake motoni. Alipomaliza ndipo kikampiga. Sasa wamempa vingine, anasema hiyo ni dozi ya pili, na kama ya kwanza ilichukua mkono, ya pili sijui itachukua nini. Hamezi. Anasema hamezi mpaka aje yule mzee wa spika aliyewaambia wamalize dozi.

"Mimi sikusema hivyo," Severini alisema.



Dozi. Kila mtu nchi hii anajua dozi ni nini. Malaria ina dozi, kikohozi kina dozi, na kila anayetoa dawa atakuambia usiache njiani, maliza. Ukimaliza umepona. Presha haina hivyo. Vidonge vya presha vikiisha unafuata vingine. Severini alilijua hilo kwa mguu wake mwenyewe. Angesemaje jambo kama lile?

Lakini hakukaa na neno lake bila ushahidi, hakuwa amezoea. Akamuuliza Hafidhi, kwa simu ya Hosiana, kama kuna aliyerekodi siku ile. Hafidhi alikuwa amerekodi mwenyewe. Video ikafika. Severini akakaa kwenye kiti cha uani, akaweka simu sikioni, akasikiliza kuanzia mwanzo, na mwanzo ulikuwa mzuri. Mwishoni kabisa, honi za fuso zikiwa nyuma, ikaja sauti yake, kubwa, ya mtu anayetaka makofi: "Na mkipewa dawa, ndugu zangu, malizeni dozi."

Alisikiliza mara tatu. Halafu akamrudishia Hosiana simu yake.

Hosiana alimpoza. Alisema kosa ni lake pia, angewaelezea mmoja mmoja vizuri zaidi, na neno lile kila mtu analisema, hata redioni. Akasema yeye atapanda wiki ijayo kwenye zahanati, atamweleza yule mama polepole, na mzee asijisumbue na barabara ile. Semeni naye akaunga mkono. Alimkumbusha mumewe kwamba presha si ya Chausiku peke yake, na kwamba ana miaka sitini na saba, na kwamba dunia hii kuna simu. Si arekodi sauti, Hafidhi amsikilizishe mama mkwe wake?

Basi akarekodi. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakohoa, akasema. Alipoisikiliza aliona aibu. Alikuwa amesema: kama kuna mtu yeyote aliyekwazika na kauli yangu, namwomba radhi. Sentensi hiyohiyo aliinukuu kutoka vinywani mwa wakubwa mara ngapi hajui. Yeye na wenzake waliipa jina, waliiita samahani ya kama. Mtu ameiba, anasema kama kuna aliyekwazika. Na sasa imemtoka mdomoni mwake yenyewe, nzima, bila kutafutwa. Akaifuta. Akamwambia Semeni amtafutie sweta.

Alipanda alfajiri ya siku ya gulio na fuso lililokuwa linarudi tupu kufuata mboga. Hosiana alikaa katikati, dereva hakuwa mwongeaji. Walipita Sangasanga, wakapita Mlali, halafu barabara ikaanza kujikunja, na upande wa chini kukawa hakuna kitu ila hewa na paa za watu. Severini alishika mpini wa mlango njia nzima. Alikuwa amezaliwa milima hiihii, lakini ukikaa sana Dar mwili unasahau. Alichokuwa anafikiria hakikuwa barabara. Alifikiria kwamba yule mama anaweza kuwa ameanguka tena.

Hakuwa ameanguka. Walimkuta amekaa nje ya nyumba yake, juu ya shamba la mlimani lililokatwa ngazi, ametandaza njegere kwenye turubai anazichambua kwa mkono mmoja. Mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, macho makali. Mdomo ulikuwa umekwenda kulia kidogo, na maneno yalitoka yamelowa, lakini yalitoka. Akampa Severini shikamoo yake, akajibiwa, akamwambia Hafidhi alete viti. Kisha akarudi kwenye njegere.

Severini alianza kwa Kiluguru, ili waelewane vizuri. Alimwambia amekuja kwa sababu ya neno alilolisema. Alikosea. Dawa ile haina kumaliza. Kama angesema sawasawa, huenda mama asingeacha. Ile kama ya wakubwa hakuiweka.

Chausiku alisikiliza mpaka mwisho. Akatupa ganda.

"Nilimeza vyote," alisema. "Thelathini. Kimoja nilikimeza msibani, watu wananiangalia. Sikuruka hata siku moja."

"Najua."

"Wewe unajua. Wao hawajui. Wanasema Chausiku hakumaliza dozi, ndiyo maana. Shemeji yangu amesema, jirani amesema, kila anayekuja kunipa pole anasema. Wengine wanasema nimerogwa, hao nawavumilia. Lakini hawa wanaosema sikumaliza."

Hosiana akaingia polepole, akasema la muhimu sasa ni vidonge, mama, siku zinakwenda. Akavitoa kwenye mkoba. Chausiku hakuviangalia.

"Ulisemea wapi?" alimuuliza Severini.

"Gulioni."

"Ukisahihishia hapa, kwenye njegere zangu, nani amesikia? Hizi njegere?"

Severini akacheka, hakutegemea. Akasema ndicho alichokijia, gulio lipo leo, twende. Akamwomba kitu kimoja, ameze kwanza kidonge cha leo. Chausiku akasema kwanza gulioni.

Kushuka kulichukua muda. Hafidhi alimshika mama mkwe wake upande uliolala, na Severini na mguu wake alikuja nyuma, akikanyaga pale walipokanyaga. Gulio lilikuwa limejaa. Karoti zimefungwa mafungu, kabichi zimepangwa kama ukuta, fyulisi kwenye ndoo, na wanunuzi wa Dar wanapita wakibonyezabonyeza. Spika walikodi ileile ya mara ya kwanza, ya muuza dawa za panya, aliyekubali kupumzika kwa muda. Kreti likaletwa. Chausiku akakalishwa kwenye kreti jingine, mbele kabisa.

"Mzee wa kura karudi," Kibwana alisema, shati la mtumba begani. "Safari hii umeleta fulana?"

Severini hakuinua mkono. Alikishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeshikilia kikombe cha moto. Alisema jina lake. Alisema siku fulani alisimama hapa akawaambia wamalize dozi, na kwamba hilo lilikuwa kosa, lake, si la muuguzi. Alisema Chausiku alifanya alivyoambiwa, vidonge thelathini, hakuruka hata kimoja, na kwamba anayesema hakumaliza anasema uongo. Alirudia mara mbili, ya pili kwa Kiluguru. Chausiku alikuwa anaangalia watu. Alikuwa anaangalia mmoja mmoja.

"Sasa hiyo dozi inaisha lini?" mama mmoja mwenye fyulisi aliuliza.

"Haiishi," Severini alisema. "Ndiyo maana si dozi."

Hapo akawapoteza. Minong'ono ikaanza. Dawa gani isiyoisha? Huo si ugonjwa juu ya ugonjwa? Severini akaanza kueleza mishipa, akaeleza moyo, akaeleza asilimia. Alieleza kama makala ya ukurasa wa sita, yote ya kweli, hakuna kosa hata moja, na watu wakaanza kurudi kwenye karoti zao.

"Kumbe ni ndoa ya kanisani," Kibwana alisema. "Ukiingia hutoki."

Watu wakacheka, hata Severini aliyefungishwa yake kanisani akacheka. Lakini aliona jambo moja. Kati ya wale kumi na wawili, wawili aliowakumbuka kwa sura walikuwa wanacheka kuliko wengine, na wanaanza kuondoka.

Chausiku akanyoosha mkono mzima, akadai kipaza sauti. Hafidhi akataka kumzuia, akaangaliwa, akaacha. Sauti ilipotoka ilikuwa nzito, imelala upande mmoja, na ikabidi watu wanyamaze ili waisikie.

"Kibwana. Karoti zako za bondeni unazimwagilia?"

"Nazimwagilia, shangazi."

"Jana ulimwagilia?"

"Jana nimemwagilia."

"Zilikuwaje?"

"Nzuri. Zimesimama."

"Sasa kama zimesimama, mbona leo alfajiri nimekuona na mpira wa maji?"

Kibwana akajikuna shingo. "Jua si linawaka na leo, shangazi."

"Haya," Chausiku alisema, akarudisha kipaza sauti.

Mama wa fyulisi alisema ah, polepole, kama mtu aliyeweka mzigo chini. Wale wawili waliokuwa wanaondoka, mmoja akasimama. Mwingine alikwenda zake, na hilo Severini aliliona pia.

Hosiana akafungua meza yake pembeni ya spika. Wa kwanza kufika alikuwa mzee aliyesema kwa sauti ya chini kwamba na yeye alimaliza. Hosiana alipomuuliza lini, akasema mwezi uliopita, akajiona mzima, akapumzika. Nyuma yake walikuja wengine. Katika wale kumi na wawili walifika saba. Mtu mmoja aliuliza kama kumwagilia ni kila siku au kutwa mara mbili, na Hosiana akajibu kwa lugha hiyohiyo bila kujirekebisha, kwamba yeye amwagilie asubuhi tu.

Severini alikuwa ametoa daftari. Alikaa karibu na Chausiku, akaandika yale maneno yote, ya karoti na mpira wa maji na jua. Kisha akamuuliza kama anaruhusu ayaseme kwingine, Mwembesongo, na Bigwa, na popote watakapomwita. Kazini kwao walikuwa na watu wengi wasiopenda majina yao yatajwe, akamwambia, kwa hiyo akitaka atasema mama mmoja wa Mgeta.

"Mama mmoja nani? Sema Chausiku wa Nyandira," alisema. "Na useme nilimaliza vyote thelathini."

Akaandika hivyo.

Watu walipopungua, Hosiana alileta kikombe cha maji na kidonge kimoja kiganjani. Chausiku alikiangalia kwa muda. Alimuuliza Severini kama na yeye amemeza leo. Severini akasema amemeza saa kumi na moja kabla ya kupanda fuso, mke wake alisimama mlangoni mpaka kikapita. Chausiku akatia mdomoni. Alikunywa kwa upande ulio mzima, maji kidogo yakamwagika kidevuni, akajifuta kwa kanga, akafungua mdomo kumwonyesha Hosiana kwamba kimekwenda.

"Na kesho saa ngapi?"

"Saa hizihizi, mama."

"Kesho saa hizi nitakuwa shambani."

Hosiana akasema basi aende nacho. Chausiku akamwambia Hafidhi akaazime mkasi kwa fundi cherehani. Mkasi ulipokuja, walikata kwenye karatasi ya vidonge kipande chenye kimoja tu ndani, pembe zake wakazipunguza zisichome. Akakifunga kwenye pindo la kanga yake, mkono mmoja na meno, akakataa kusaidiwa. Halafu akamwambia mkwewe waondoke, njegere zimeachwa juani.